Kutoka uhasibu hadi uuguzi Marekani, nikiwa na watoto wawili nyumbani

Kila niliyemgusia kwamba nataka kuwa RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, alinipa ushauri uleule: anza na CNA, msaidizi wa muuguzi, kisha LPN, muuguzi wa ngazi ya chini ya RN, halafu ndiyo uifikirie RN, maana ngazi hairukwi. Wengine wakaongeza kwamba watoto niwapeleke kwanza kwa bibi yao nyumbani, nikimaliza nitawafuata. Walinitakia mema, sikatai, na CNA ni kazi ya heshima iliyowalisha wengi wetu huku. Lakini mimi nilikuja Marekani na digrii ya uhasibu, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba mwenye digrii ya fani yoyote anaweza kuomba programu za haraka za uuguzi zilizoanzishwa kwa ajili ya watu kama yeye. Niligundua mwenyewe, usiku, nikisoma kurasa za vyuo. Mpaka leo linaniuma, kwa sababu nawajua akina mama wenye digrii zimelala kabatini ambao bado wanaambiwa maneno hayohayo.

Programu zenyewe ni za aina mbili. Ipo ya kuchukua digrii ya kwanza nyingine, inayokwisha kwa mwaka mmoja au mwaka na nusu hivi, na ipo ya kuingia uzamili moja kwa moja, ambayo nyingi hukaribia miaka miwili. Njia zote mbili zinakufikisha kwenye mtihani mmoja wa leseni, NCLEX-RN. Usidanganywe kwamba uzamili huu unakupa mamlaka ya kuwaandikia wagonjwa dawa. Huyo ni NP, muuguzi wa ngazi ya juu, na ana masomo yake mengine. Mimi nilichagua uzamili kwa sababu chuo kilichokuwa karibu na nyumba yangu ndicho kilichoutoa, na kwa mwenye watoto umbali wa chuo ni jambo kubwa kuliko jina lake. Ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, isiwemo kwenye hesabu zako: mwenye digrii ya kwanza haipati, hata kama digrii hiyo aliichukulia nje ya Marekani. Kabla ya kulipa chochote hakikisha programu ina ithibati ya CCNE au ACEN, vyombo vinavyokagua ubora wa masomo ya uuguzi, na inatambuliwa na bodi ya uuguzi ya jimbo lako.

Sayansi zinazotakiwa kabla ya kuingia nilizianza sifuri kwenye komyuniti koleji, jioni baada ya kazi: anatomia na fiziolojia sehemu zote mbili, mikrobiolojia, kemia, na mengineyo. Takwimu nilikuwa nayo tayari. Vyuo vingi havipokei sayansi iliyopita miaka mitano au saba, na vingine havitaki maabara ya mtandaoni, kwa hiyo uliza kwa baruapepe na uhifadhi jibu. Aliyekujibu leo kwa simu kesho hayupo.

Sasa nisimulie la bahasha, maana hapo ndipo maombi yangu yalipokaribia kufa. Cheti cha nje lazima kitathminiwe. Nilitumia WES, shirika linalolinganisha vyeti vya nje na vya huku, na nikachukua tathmini ya somo kwa somo kwa sababu chuo kilitaka kuiona GPA, yaani wastani wa alama. Transkripti, orodha rasmi ya masomo na alama zako, inatakiwa itoke chuoni kwako, ndani ya bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri juu ya mkunjo. Nikamtuma mdogo wangu kwa msajili wa chuo nilichosoma nyumbani. Akaambiwa njoo wiki ijayo. Akaenda, anayesaini yuko semina. Akaenda tena, akalipia dirisha moja, na dirisha la pili wakaikataa risiti ya dirisha la kwanza. Mwishowe akapewa transkripti mkononi, wazi kabisa, na kijana wa mapokezi akamwambia, "Ipige picha umtumie dada yako, siku hizi mambo yote mtandaoni." Mdogo wangu akakataa kuondoka nayo hivyo. Wakaitia kwenye bahasha, wakaituma, ikafika bila muhuri juu ya mkunjo. Haikupokelewa. Na NursingCAS, mfumo ambao vyuo vingi vya uuguzi hupokelea maombi, nao unahitaji muda wa kuhakiki masomo yako kabla chuo hakijaona chochote.

Nikabadili mbinu. Niliandika barua ya ukurasa mmoja kwa msajili, kwa Kiswahili cha adabu, yenye namba yangu ya WES na kila hatua kwa mpangilio. Fomu nikaijaza yote, ikabaki sehemu ya saini tu. Gharama ya kusafirisha nikailipa huku huku, msafirishaji aifuate bahasha ofisini, chuo kisitoe hata senti. Halafu nikamwambia mdogo wangu anunue bahasha ngumu, achapishe anwani, na nyuma, pale mkunjo unapokutana na karatasi, achore kwa penseli duara lenye upana wa muhuri na aandike ndani yake "muhuri hapa". Safari hii hakwenda dirishani. Alikwenda moja kwa moja kwa mama wa masjala, akamwamkia, "Shikamoo mama," akamweleza kwamba dada yake ana watoto wawili na tarehe inafungwa, akaiweka bahasha mezani. Mama yule akaisoma barua, akatazama duara, akavuta kidau cha wino, akagonga katikati yake. Mdogo wangu alinipigia akiwa bado ngazini. Mtu mwenye milima ya mafaili mezani umpunguzie kazi mpaka ibaki ile anayoweza kuifanya akiwa ameketi.

Kwenye barua ya kujieleza, rafiki yangu alinishauri niandike kwamba tangu utotoni napenda kusaidia watu. Sikuandika hivyo. Nilimwandika bibi mmoja wa Kongo niliyemkuta hospitalini, mjukuu wake wa shule ya msingi akimtafsiria daktari. Daktari alieleza kwa kirefu kuhusu kukata kipande cha nyama kwenye titi kikapimwe, kwa nini, na majibu yanaweza kuwa yapi. Mtoto akamgeukia bibi yake: "Watakukata kidogo." Basi. Sheria inazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zimpe mgonjwa mkalimani bila malipo, na yule bibi hakuwa na wa kumwambia. Niliandika kwamba nataka kuwa muuguzi anayelijua hilo na anayeongea lugha ya yule bibi. Kwenye usaili waliniuliza habari za bibi kuliko habari za alama zangu.

Baada ya kukubaliwa linakuja jambo ambalo Wamarekani darasani hawakuhangaika nalo kabisa: kipimo cha kifua kikuu. Sisi tuliochanjwa BCG utotoni, kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo. Mkono wangu ulivimba, na muuguzi wa kliniki akaanza kunizungumzia eksirei na vidonge vya miezi, wakati bila kibali cha afya huruhusiwi kuingia wodini. Niliomba kipimo cha damu kinachoitwa IGRA, ambacho hakiathiriwi na BCG. Kikatoka safi. Ukizaliwa kwetu, omba hicho tangu mwanzo.

Nyumbani tulikaa mimi na mume wangu kabla sijalipia nafasi yangu, tukagawana. Jiko likawa lake. Lote, pamoja na kufikiria kitakachopikwa. Nasisitiza hilo kwa sababu "nitakusaidia kupika" bado inakuachia mzigo wa kupanga, na mzigo wa kupanga ndio unaomaliza akili. Mafunzo ya wodini ni saa 12 kwa siku na makabidhiano ya zamu ni kabla ya saa moja asubuhi, saa ambayo chekechea yetu haijafungua mlango. Jirani yangu Msomali aliwapokea wanangu asubuhi hizo, nami Jumamosi nikawachukua wa kwake ili aende dukani kwake. Hatukulipana chochote. Makundi ya michango ya harusi niliyaandikia mapema: mchango nitatuma, vikaoni msinitegemee mpaka nimalize. Wapo walionuna, na wengine wakasema najidai. Sikuwajibu.

Hesabu za dozi hazikunitisha. Darasani watu walilia, kwa sababu alama ya kufaulu ni 90 na zaidi, na ukirudia rudia kufeli unatoka. Mhasibu amezoea kwamba nukta moja ikihama, vitabu vyote vimeharibika. Huandiki miligramu 1.0, maana nukta ikififia mtu anasoma 10, unaandika 1. Na nusu unaandika 0.5, husemi .5 peke yake. Niliwafundisha wenzangu wengi, na hilo najivunia.

Kilichonivusha kwenye dawa na magonjwa ni mama yangu. Moyo wake ulianza kuchoka, akaandikiwa furosemide, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, na kila jioni nikiosha vyombo nilimpigia nikamweleza nilichosoma siku hiyo. Asipoelewa, najua mimi ndiye sijaelewa. Nilipomwambia kwamba upande wa kushoto wa moyo ukishindwa, damu inarudi nyuma mapafuni, na ndiyo maana mtu hawezi kulala chali, akasema, "Kama pampu ya kisima iliyochoka, maji yanajaa nyuma." Nikamwambia ndivyo. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: "Sasa mwanangu, haya maji ninayoyakojoa yanatoka matupu, hayaondoki na kitu?" Nikafungua kitabu simu ikiwa begani. Yanaondoka na potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji. Na potasiamu ikishuka, mgonjwa anayetumia pia digoxin, dawa nyingine ya moyo, anaweza kudhurika kwa dozi ileile aliyokuwa akiivumilia jana. Wiki chache baadaye mtihani ukaleta mgonjwa wa dawa hizo mbili, miguu imelegea, moyo unadundadunda, na kati ya majibu manne nilijua ni kupima potasiamu kabla sijamaliza kulisoma swali.

NCLEX ada yake ni dola 200, mbali na ile ya bodi ya jimbo. Tangu Aprili 2023 ina maswali kati ya 85 na 150, na masimulizi ya wagonjwa ambayo yanakutaka uamue hatua kwa hatua. Kompyuta ilizimika yenyewe, maana yake mtihani umekwisha, nikiwa kwenye la 85. Siku mbili za kazi baadaye, kwa ada ndogo, niliyaona majibu: nimefaulu. Mama nilimpigia kabla ya mtu yeyote, nyumbani ikiwa usiku wa manane, akapiga vigelegele mpaka majirani wakamgongea mlango.

Sasa niko wodi ya moyo, zamu tatu kwa wiki. Wewe mwenye digrii unayeifikiria njia hii, agiza transkripti wiki hii hata kama hujui utaomba lini. Na kama huna kinga ya hepatitisi B, anza chanjo sasa, maana ile ya dozi tatu huchukua miezi sita na chuo hakitakusubiri.