Sahihi ya nani?

Kila mwaka hapa Uganda matokeo ya S.6, yaani kidato cha sita, yakitoka watu wanaanza wimbo wa ada, ada, ada. Sawa, sisi tuliokulia Malaba, mpakani na Kenya, baba akishusha mizigo ya malori tunaijua hiyo ada vizuri tu. Lakini kilichonisumbua mimi ni sahihi, manake kila mlango wa chuo lazima kuna mtu mzima akusainie ndo upite.

Nafasi za chuo zinazolipiwa na serikali ni kama 4,000 tu nchi nzima, na nyingi zinazolewa na watoto wa zile shule za Wakiso na Mukono zenye maabara. Ile kota ya wilaya, yaani nafasi zinazotengewa kila wilaya, iliwekwa ili mtoto wa kijijini naye apate, halafu unakuta mtu kasoma Kampala tangu nasari, siku ya fomu anakumbuka kijiji cha babu yake na chemani, mwenyekiti wa kijiji, anamsainia, eti mwenyeji. Haya.

Ukikosa hapo kuna mkopo wa serikali ulioanza 2014, unakulipia ada ila chumba na chakula utajijua. Fomu inataka habari za wazazi, inataka wadhamini. Baba alisaini yangu juu ya boneti ya lori, mikono ina vumbi la simenti, fomu ikabaki na alama ya kidole, nikalia usiku kucha nikidhani watanikataa kwa ile alama. Nilipata.

Sasa mwenzangu. Simtaji, na mji wake sisemi. Ni kuchu, yaani anapenda wasichana wenzie. S.5 wakamkuta na barua ya msichana mwenzie, shule ikamtoa na godoro lake, baba yake akasema hapa huingii. S.6 akafanyia kwingine huku anauza chapati usiku, na bado akanizidi pointi (tena kwenye hesabu, bado inaniuma!). 2023 tuko kafe ya intaneti tunajaza fomu yake ya mkopo, tukafika kwenye jina la mzazi akaacha kuandika.

"Andika amekufa," nikamwambia.

"Wakiomba cheti cha kifo?"

Na ilikua ile miezi sheria mpya ya kupinga ushoga imetoka kusainiwa, Mei, yenye kifungo cha maisha na kipengele cha kulazimisha watu waripoti, kile ambacho mahakama ya katiba ilikuja kukiondoa 2024 pamoja na cha kuwaadhibu wenye nyumba wanaowapangisha makuchu, ila sheria yenyewe ikabaki. Nani atajitia hapo?

Mama yangu akasema leteni. Anajua? Anajua, hajawahi kulitaja. Akavaa gomesi ya kanisani tukaenda kwa chemani wa LC1, yaani serikali ya kijiji.

"Mama, huyu ni wako tangu lini?"

"Tangu aanze kula kwangu, mzee."

Chemani akadai elfu tano ya muhuri. Mama akampa elfu tatu, akamwambia zilizobaki azifuate sokoni atapewa nyanya.