Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa "Kazi Ndogo Tu"

Saa mbili asubuhi nafungua. Kuweka Windows upya kwenye mashine mbili, kubadilisha kibodi ya laptopu moja: hadi saa nne zimekwisha, hazina hadithi.

Saa nne na robo anaingia mteja na kompyuta yake, mkononi SSD mpya ya 1 TB, diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka. "Fundi, kazi ndogo tu. Nihamishie magemu, ni kukopi tu, dakika kumi."

Kuifunga, kweli, ni dakika kumi, mradi usiangushe ile skrubu ndogo kama punje ya ulezi. Nikaiandaa kwa GPT, mpangilio wa kugawa diski, nikaifomati kwa NTFS, mfumo wa faili wa Windows, nayo Windows ikaonyesha 931 GB. "Nyingine ziko wapi?" Nikamweleza kuwa mtengenezaji anahesabu kwa 1,000 na Windows kwa 1,024, baiti ni zilezile. Akaniangalia kama anayepunjwa kwenye mizani.

Ndipo likatoka lililofichwa. Jana usiku alijaribu mwenyewe: alikata folda tatu za magemu kuzipeleka diski ya nje, akachoka kusubiri, akachomoa kebo. Faili nusu huku, nusu kule, na Steam, programu ya duka la magemu, inamwambia gemu halipo.

Sikugusa gemu lolote kwanza. Nilitafuta sevu, faili zinazohifadhi alipofikia mchezaji. Wengi hawajui kwamba sevu mara nyingi hazikai na gemu lenyewe. Zimo kwenye Documents, au ndani ya folda ya AppData ambayo Windows imeificha. Na yapo magemu yanayoziweka palepale kwenye folda yake, ukilifuta umezifuta. Gemu utalipakua tena. Sevu ya miaka 3 utaipakua wapi? Nikazikopi zote kwenye diski yangu.

Saa sita nimerudisha zile nusu ndani ya steamapps/common, folda ambamo Steam huweka magemu, nikaiambia Steam ikague faili, ikapakua zilizopungua tu. Kuhama kwenyewe Steam ina kitufe chake, unachagua diski mpya na yenyewe inakumbuka njia. Lakini ni GB 600 kutoka diski ya zamani ya kuzunguka. Kwa MB 100 kwa sekunde ni saa moja na dakika arobaini, hiyo ya kwenye karatasi. Ikikutana na maelfu ya vifaili vidogo inatambaa. Skrini inasema dakika 12, ukipepesa macho inasema 40.

"Fundi, bado?"

Bado.

"Sasa?"

Ilikuwa saa tisa, au kumi, macho yalishaanza kuwasha, tukafika kwenye gemu la duka jingine lisilo na kitufe cha kuhamisha. Hapo unabadilisha jina la folda ya zamani, unaanza kulipakua upya kwenye SSD, asilimia mbili tatu zikiingia unasimamisha, unamwaga faili za zamani juu yake, unaendelea. Likikubali, linakagua badala ya kupakua. Lilikataa mara ya kwanza. Mara ya pili likakubali, na mimi nilikuwa nimesimama.

Taa za nje zilikuwa zimeshawaka alipolijaribu. Likafunguka haraka, sevu zote zipo. Akacheka: "Si unaona, ni kukopi tu!"

Sikumjibu. Zile nakala za sevu bado ziko kwenye diski yangu, nimebandika karatasi yenye jina lake na tarehe. Hajui kama zipo.