Nyaya 8, zinazofanya kazi 2: nilivyoondoa foleni kwenye mtandao wetu

Kwa miezi minne niliambiwa jambo lilelile: "Kaka, mtandao umewazidi, ongezeni nyaya." Aliyetuuzia swichi alisema hivyo, fundi tuliyemkodi naye hivyo hivyo, mpaka bosi wangu akaamini. Nyaya tulikuwa nazo za kutosha tangu siku ya kwanza, na nikikumbuka hela tulizotoa kuziongeza bado naumia.

Nasimamia mtandao wa ndani wa kituo cha data Dar es Salaam. Una ngazi tatu: swichi za raki, yaani vifaa vinavyounganisha seva za kila kabati, juu yake swichi 4 za kati, kisha swichi 4 za kilele. Mpangilio huu chimbuko lake ni Charles Clos, aliyeuandika mwaka 1953 kwa ajili ya simu: badala ya swichi moja kubwa unapanga ndogo nyingi, na seva mbili zinapata njia nyingi za kufikiana. Data husafiri kwa vipande viitwavyo pakiti. Swichi huchagua njia kwa kupiga hesabu, heshi, juu ya anwani na namba za poti (namba za kutambua programu) zilizoandikwa ndani ya pakiti; jibu hugawanywa kwa idadi ya njia, na kinachobaki ndicho namba ya njia, kuanzia 0. Hivyo pakiti za mkondo mmoja, yaani za muunganisho mmoja kati ya programu mbili, hupita njia moja na hazipitani njiani.

Kila usiku bakapu, ile kazi ya kunakili data kwa akiba, ikianza, pakiti zilidondoka. Nikaanza na bafa, kumbukumbu za swichi ambamo pakiti husubiri zamu, nikaziongeza. Pakiti zilizopotea zikapungua, nikalala vizuri usiku mmoja. Asubuhi watu wa hifadhidata wakanijia juu: safari ya kwenda na kurudi ilikuwa imepanda kutoka chini ya milisekunde 1 hadi karibu 8. Bafa kubwa inaipa foleni mahali pa kukaa. TCP, kanuni ambayo seva hutumia kutumiana data, nayo hupunguza mwendo inapoona pakiti imepotea, kwa hiyo ukiificha hasara hiyo watumaji wanazidi kusukuma. Nikazirudisha zilivyokuwa, nikawasha ECN, mfumo wa kuonya juu ya msongamano, kwenye swichi na seva, ili pakiti ipigwe alama foleni inapoanza na mtumaji apunguze mapema. Ilisaidia, lakini chanzo kilibaki.

Ndipo tukanunua. Kila swichi ya kati ilikuwa na nyaya 4 za kupanda kileleni, tukazifanya 8. Transiva, vile vipachiko vya kila ncha ya waya, peke yake zilikula mamilioni. Nafuu ilikuja, ila haikulingana na hela.

Usiku wa pili nilikaa mbele ya raki na kompyuta mapajani, nikisoma poti za kuchomekea nyaya za kileleni, moja moja, kwenye kila swichi ya kati. Swichi ya kwanza: poti 0 na poti 4 zimejaa, taa zake hazipumziki. Sita nyingine zinapepesa mara mojamoja, kwa salamu fupi tu ambazo vifaa hutumiana kuonyesha viko hai. Swichi ya pili: poti 1 na 5. Ya tatu: 2 na 6. Nilisimama. Swichi ya raki huigawanya namba ya heshi kwa 4, kwa kuwa swichi za kati ni 4; ikibaki 0, inaenda swichi ya kwanza, na huko ukiigawanya namba ileile kwa 8 lazima ibaki 0 au 4!

Swichi za raki na swichi za kati zilikuwa zinapiga heshi ileile. Ni kama trafiki anayepeleka magari yote ya namba shufwa kushoto, na mwenzake wa makutano yanayofuata anatumia kanuni hiyohiyo: yanayomfikia yote ni shufwa, basi yote tena kushoto, na kulia barabara tupu. Kabla ya kununua chochote, kila swichi ya kati ilikuwa inatumia waya 1 kati ya 4.

Heshi ina namba yake ya kuanzia, na swichi zetu zote zilikuwa na ile ya kiwandani. Jumapili alfajiri nikaipa kila swichi namba tofauti. Ukiwa na ngazi zaidi ya mbili, angalia hilo kabla ya kutoa hata shilingi.

Ukabaki mkondo mmoja mnene wa bakapu, ambao heshi haiwezi kuugawa. Nikaipanga programu itume mikondo 8 kwa pamoja, kila mmoja na namba yake ya poti ndani ya pakiti, ili heshi iitawanye.

Wiki iliyofuata nilimwita bosi usiku, bakapu ikiendelea. Nikazizima zile nyaya 16 za nyongeza moja baada ya nyingine, nikazichomoa mbele yake. Kihesabu cha pakiti zilizodondoka hakikusogea. Akakitazama muda mrefu, kisha akaniuliza transiva 32 tutaziweka wapi.