Kishikwambi cha Dada na Picha za Marehemu Baba

Kishikwambi cha dada yangu, iPad ya aina ile yenye kitufe cha mviringo chini ya kioo, kiliisha chaji katikati ya kusasisha mfumo, na tangu saa hiyo hakikuonyesha kitu kingine isipokuwa tufaha jeupe lililowaka, likazimika, kisha likawaka tena. Dada anafundisha shule ya msingi huko Temeke, na ndani ya kifaa hicho mlikuwa na maandalio ya masomo ya muhula mzima pamoja na picha za mwisho za marehemu baba yetu, ambazo hazikuwa zimehifadhiwa mahali pengine popote. Alikipeleka kwa fundi Kariakoo, akaambiwa kwamba ni lazima kiflashiwe, yaani kiwekewe mfumo upya, na kwamba vyote vilivyomo vitafutika. Hakukubali. Alikuja nacho kwangu Tabata, akaniambia, "Mdogo wangu, kama ni kufuta, bora kikae hivihivi."

Naamini ushauri ule ulitolewa mapema mno. Programu dhibiti, yaani ile programu ya msingi inayokiamsha kifaa na kukiendesha, inaweza kurudishwa kwa kutumia kompyuta kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo. Kifaa kikishaingia katika hali ya urejeshaji, yaani hali maalumu ya kusubiri kurekebishwa na kompyuta, kompyuta huonyesha vitufe viwili: «Update», ambacho husakinisha mfumo upya na kuziacha data za mwenyewe zilipo, na «Restore», ambacho hufuta kila kitu kwanza. Kwa hiyo aliyefiwa na asiye na nakala ya picha zake anapaswa kuanza na hicho cha kwanza, na akigeukie cha pili pale tu ambapo cha kwanza kimegoma kabisa.

Nilitumia kompyuta mpakato yenye Windows na programu ya iTunes. Wenye Mac, yaani kompyuta za Apple, kampuni inayotengeneza iPad, za kuanzia toleo la mfumo la Catalina la mwaka 2019 hufanya kazi hiyo ndani ya Finder, programu ya Mac ya kufungulia mafaili. Nilichomeka waya, nikabana kwa pamoja kitufe cha mviringo na kile cha juu, na sikuviachia tufaha lilipotokea, maana wengi huachia hapo wakidhani kazi imekwisha. Baada ya muda tufaha liliondoka na badala yake ikaja picha ya waya na kompyuta, ishara ya hali ya urejeshaji. Kwa vishikwambi visivyo na kitufe cha mviringo, hubonyezwa na kuachiwa haraka kitufe cha sauti kilicho karibu na kile cha juu, kisha kitufe kingine cha sauti, halafu kile cha juu hubanwa mpaka picha hiyo itokee.

Nilibonyeza «Update», na hapo intaneti yetu ikanipa kazi. Upakuaji ukizidi dakika 15, kifaa hujitoa chenyewe katika hali ya urejeshaji, na faili la gigabaiti 6 haliwezi kushuka ndani ya muda huo bila kasi inayozidi megabiti 50 kwa sekunde. Kumbe dawa yake ni subira: unaiacha kompyuta imalize kupakua, kisha unakirudisha kifaa katika hali ile na kubonyeza tena. Nilinunua bando la usiku, nikaunganisha kompyuta na simu, na umeme ulipokatika saa sita hivi, betri ya kompyuta ikaendelea na kazi. Intaneti inahitajika hata faili likiwa tayari limeshuka, kwa sababu seva za Apple huidhinisha toleo kwa ajili ya kifaa hichohicho kabla halijasakinishwa, na ndiyo maana matoleo ya zamani hukataliwa.

Jaribio la kwanza la kusakinisha lilikatika kwa hitilafu namba 4013, ambayo mara nyingi hutokana na mawasiliano kati ya kifaa na kompyuta kukatika. Niliutazama waya kwa tochi ya simu: karibu na kichwa chake ngozi ilikuwa imechanika na nyuzi zikionekana. Nilichukua mwingine, nikauchomeka kwenye tundu jingine la kompyuta moja kwa moja, na mstari wa maendeleo ukaenda hadi mwisho.

Niongeze jambo moja kwa wanaonunua vishikwambi vilivyokwisha kutumika: hata «Restore» haiondoi kufuli ya akaunti ya mwenye mali, hivyo usikubali kuambiwa kwamba kikiflashiwa kitafunguka. Mwambie muuzaji akiondoe kwenye akaunti yake mbele yako.

Alfajiri kifaa kilidai namba ya siri. Dada aliiingiza, akaenda kwenye picha, akamkuta Baba amekaa barazani na kikombe chake cha kahawa, na hakusema neno kwa muda mrefu. Kabla hajaondoka tulihifadhi nakala rudufu ya vyote kwenye kompyuta yangu, na ule waya mzima akaufunga raba nyekundu ili watoto wasiuchukue kuchajia simu.