Haragwe moja na geti la Casuarina

Mliokulia Malindi miaka ya tisini hamna haja ya kuelezwa. Unatoka Shela na baiskeli, unakata kichochoro katikati ya nyumba mbili za makuti pale Casuarina, unaibwaga baiskeli mchangani, unaoga bahari hadi adhana ya magharibi. Hakuna aliyekuuliza wewe ni nani. Jumatano iliyopita, baada ya miaka 17 New Orleans, Marekani, nilikwenda kukitafuta kichochoro changu. Nikakuta geti.

Nitalieleza vizuri, maana halijanitoka kichwani. Ni la bati, limepakwa rangi ya kijani, na ubavuni lina kibanda cha askari chenye kiti cha plastiki kilichofungwa kamba mguu mmoja. Askari mwenyewe ni kijana wa rika la mpwa wangu. Alianza kunitazama viatu, akapanda taratibu mpaka usoni. "Unaenda wapi, boss?" Baharini. "Kwa nani?" Nikacheka. Tangu lini bahari ikawa na mwenyewe? Yeye hakucheka. "Umealikwa na nyumba gani?"

Tukiwa hapo akaja mzee wa Kitaliano: kaptula, kandambili, kifua wazi kilichoungua jua, kijibwa kwapani. Hakufungua mdomo. Geti lilifunguka kabla hajalifikia. "Ciao, papà!" Askari alimwamkia yeye, akamwamkia na kijibwa. Geti likafungwa. Kisha akanigeukia: "Haya, nilikuwa nakuuliza. Nyumba gani?"

Nikageuza baiskeli.

Sina ugomvi na yule mzee. Kinachonila ni kwamba nimetoka kwenye mji ambao mtu kama yeye, miaka mia na thelathini nyuma, angesimama upande wangu wa geti. Na pengine asingeondoka hapo akiwa hai.

Kule nilikuwa mpishi jikoni kwa watu, na nilipanga chumba kwa bibi mmoja wa miaka themanini na ushei, mjukuu wa Wasisilia, watu wa kisiwa cha Sisili, kusini mwa Italia. Babu yake alipanda meli Palermo, bandari ya huko Sisili, akashuka New Orleans, safari moja bila kubadilisha chombo. Wenye mashamba ya miwa ya Louisiana, jimbo la mji huo, walikuwa wanatafuta mikono tangu utumwa ufutwe, na Sisili ilikuwa na njaa. Msimu wa miwa ukiisha, wengi walibaki mjini. Ule mtaa wa kale ambao watalii leo wanaupiga picha kwa sababu ya roshani zake za chuma, French Quarter, uliitwa Palermo Ndogo. Walijazana vyumbani, wakauza matunda, wakafungua maduka ya vyakula. Ule mkate wao wa duara uliojazwa nyama na zeituni, muffuletta, umezaliwa hapo, na bibi alikuwa akinikatia robo kila Ijumaa ingawa nilimwambia mara ngapi kwamba ile nyama siili. Basi anainyofoa, ananiachia jibini na zeituni, huku akinung'unika.

Kwenye karatasi Wataliano walikuwa weupe tangu siku ya kwanza. Sheria ya uraia ya Marekani ya 1790 ilisema "mtu mweupe aliye huru", na wao walipewa uraia. Mtaani mambo yalikuwa mengine. Walikata miwa bega kwa bega na watu weusi, wakawauzia weusi dukani, wakaishi nao nyumba kwa nyumba, na hilo peke yake lilitosha watu wawatilie shaka. Hata serikali, kuanzia 1899, iliwaandika wahamiaji kwa jamii mbili: Mtaliano wa Kaskazini na Mtaliano wa Kusini. Msisilia alikuwa wa kusini.

Oktoba 1890 mkuu wa polisi wa New Orleans, David Hennessy, alipigwa risasi usiku akirudi nyumbani. Wataliano wakasombwa. Tisa wakapandishwa kizimbani, na hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Kesho yake, tarehe 14 Machi 1891, maelfu ya watu walikusanyika penye sanamu ya Henry Clay, Canal Street. Msidhani ni wahuni. Mbele walikuwa mawakili na wafanyabiashara, watu wa suti, na mmoja wao, John Parker, alikuja kuwa gavana wa Louisiana. Wakavunja mlango wa jela, wakaua Wataliano 11. Wengine walipigwa risasi mle ndani, wawili walitolewa nje wakatundikwa. Baadhi yao hata kesi yao ilikuwa haijasikilizwa. Theodore Roosevelt, rais wa baadaye, alimwandikia dada yake kwamba ni jambo zuri. Aliyeadhibiwa hakuna. Italia ilimwita balozi wake arudi, Marekani ikalipa fidia, basi.

Sasa hapa ndipo bibi yangu aliponishinda. Hadithi hiyo alinisimulia yeye, mezani, kwa machozi kabisa. "Walitufanya kama walivyowafanya nyinyi," aliniambia, na akanishika mkono. Kisha, kabla chai haijapoa, akachungulia dirishani na kusema mtaa umeharibika tangu "wale" wahamie. Wale ni akina nani, bibi? Akaniangalia kama anayeniona kwa mara ya kwanza. "Si wewe," akasema. "Wewe ni Mwafrika."

Miaka mingi nilifikiri ni uzee. Baadaye nikajua ndivyo mlango ulivyofanya kazi. Mwaka 1898 Louisiana iliandika katiba mpya ili kuwanyang'anya weusi kura: ujue kusoma, au uwe na mali, au baba au babu yako awe alikuwa na haki ya kura kabla ya 1867, wakati ambao weusi hawakuwa nayo. Kipengele hicho kingewafyeka Wasisilia pia, wengi hawakujua kusoma na babu zao walikuwa Sisili. Basi wakawekewa kamlango pembeni: mhamiaji aliyepata uraia kabla ya 1898, apite. Wakapita. Nani asingepita? Tatizo ni kwamba kamlango kenyewe kilikuwa na masharti, nayo ni kutotazama nyuma. Nick LaRocca, mtoto wa Wasisilia wa mji huohuo, alipiga tarumbeta kwenye bendi iliyotoa sahani ya kwanza ya jazi, muziki ulioanzishwa na weusi wa mji huo, mwaka 1917, na uzeeni alishikilia kwamba jazi ni kazi ya wazungu, watu weusi hawakuwa na mchango. Mtu amekulia New Orleans!

Aprili 2019 meya wa mji aliomba radhi rasmi kwa wale 11. Meya huyo, LaToya Cantrell, ni mwanamke mweusi. Nilikuwa jikoni na taarifa ya habari, sufuria ya maharage mekundu inachemka, maana kule Jumatatu ni wali na maharage na Ijumaa pia ukiishiwa. Nikasema moyoni: mweusi ndiye anayewaombea radhi wazungu waliowaua wazungu. Nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu akaniuliza kulikoni.

Turudi getini. Nimemweleza shangazi yote haya, na Hennessy, na katiba, na meya. Alisikiliza huku anachambua mchele. Alipomaliza ungo akasema: "Sasa wewe, mwanangu, mbona hukumtolea Kimarekani chako? Sema kwa pua, angefungua."

Mnaotaka kurudi, chukueni hilo la shangazi, ni la bure. Na mengine: msiseme "kule kwetu" mkimaanisha Marekani, mtaitwa mzungu mweusi kwa mwezi mzima. Msitoe noti ya dola mbele ya binamu. Msiende kutafuta hoteli mlizozijua, nusu ni magofu na popo; Wataliano wamepungua, ila mageti yameongezeka, sijui yanamlinda nani. Na msijaribu kumweleza kijana wa hapa kwamba Mtaliano hakuwa mzungu kila mahali. Mpwa wangu anaongea Kitaliano kuliko nilivyowahi kusikia kwa bibi yangu, ambaye alijua matusi tu na majina ya vyakula. Nilipomwambia kwamba Alabama, mwaka 1922, mtu mweusi aitwaye Jim Rollins aliachiwa kesi ya kulala na mwanamke mweupe, jambo ambalo sheria ya huko ilimkataza mweusi, kwa sababu mahakama haikupata ushahidi kwamba mwanamke yule, Msisilia, ni mweupe, alinijibu: "Anko, huyo hakimu alikuwa kipofu?"

Jana nimerudi Casuarina. Nilivaa kofia, miwani ya jua, na raba nyeupe. Askari alikuwa yuleyule. Nikamsemesha kwa pua. Akasimama. "Good afternoon, sir. ID tu, sir." Nikatoa pochi nimpe leseni ya Louisiana, na pamoja nayo likadondoka haragwe.

Haragwe lenyewe ni kubwa, kavu, la kahawia. Kila tarehe 19 Machi Wasisilia wa New Orleans wanapanga meza ya Mtakatifu Yosefu, mikate, samaki, vitamu, mpita njia yeyote ale, na mgeni huondoka na haragwe moja la kuweka pochini. Eti ukiwa nalo hutaishiwa fedha. Bibi alinipa langu mwaka niliofika.

Askari aliliokota, akalipangusa kwa kidole gumba, akanirudishia kwa mikono miwili. "Dawa, sir?" Nikasema ndiyo.

Geti likafunguka. Nyuma yangu alikuwa amesimama mtoto wa miaka kumi hivi, amebeba mshipi wa kuvulia na chupa ya maji. Sikumwona alipofika. Akaniangalia, akaangalia ule uwazi.

"Huyu mko pamoja, sir?"

Nikasema hapana.

Maji yalikuwa vuguvugu na mwani ulikuwa mwingi. Nilioga dakika kumi nikatoka.