Jinsi nilivyozuia tocino kuungua kabla ya kuiva
Kila nilipopika tocino, ile nyama tamu ya nguruwe inayosifika Pampanga nchini Ufilipino, ilitoka nyeusi nje na mbichi ndani, kwa kuwa sukari iliyomo kwenye viungo huungua kabla nyama haijaiva. Nilipunguza moto, nikaongeza mafuta, hata nikasuuza nyama kabla ya kuikaanga. Utamu ukapotea na tatizo likabaki.

Kilichofaa ni kuanza na maji. Nilikata nyama ya bega vipande vyembamba, nikailaza usiku mzima kwenye friji pamoja na sukari, chumvi, kitunguu saumu na juisi ya nanasi ya kopo (nanasi lisilopikwa huifanya nyama iwe rojorojo), kisha nikaipanga kwenye kikaango na viungo vyake vyote na kikombe kimoja cha maji, nikaiacha ichemke bila kufunikwa. Hapo ndipo sikio linapohitajika: maji yanapokauka, mlio wa kutokota hugeuka kuwa mchakarisho wa kukaanga, kwa kuwa mafuta ya nyama yenyewe yameanza kutoka. Nilipousikia tu, nilipunguza moto na kugeuza vipande bila kupumzika, hadi sukari ikang'aa kwa wekundu na kunata kwenye mwiko. Tuliila na wali uliokaangwa kwa kitunguu saumu, nyama ikiwa laini hadi ndani.