Mchango wa Mjusi: Nilivyokwenda Tendaguru

Nilinunua ming'oko ya elfu moja karibu na stendi ya Lindi, ya moto, imekolea chumvi na pilipili, nikaitumbukiza kwenye begi juu ya chupa za maji. Kijana wa bodaboda alinitazama viatu, akatazama begi, akasema, "Mwalimu, Tendaguru hakuna kitu, ujue. Pori tu." Nikamwambia najua. "Sasa unafuata nini?" Nikajibu nafuata michango. Akawasha pikipiki bila kuuliza zaidi. Nadhani ameshabeba watu wa kila namna.

Hilo la michango hata mke wangu alilicheka, kwa hiyo nilieleze. Ninafundisha jiografia, na kila mwaka nikifika mada ya miamba na visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe, kuna mwanafunzi atanyoosha mkono: "Mwalimu, mjusi mkubwa kuliko wote si alitoka Lindi, Wajerumani wakamchukua?" Ndiyo, alitoka Lindi, kwenye kilima cha Tendaguru, na mjusi huyo ni dinosaria. Swali lililonikaa kichwani ni la kihasibu zaidi: nani alilipa? Kuchimba porini kuanzia 1909 hadi 1913, kulisha mamia ya watu, kusafirisha mizigo hadi Ulaya, haiwezi kuwa kazi ya mshahara wa profesa.

Jibu lipo Berlin, kwenye kikao. Mwaka 1906 mhandisi Bernhard Sattler, aliyekuwa akitafuta madini nyuma ya Lindi, alikuta mifupa mikubwa imetokeza ardhini. Mwaka uliofuata akaja Eberhard Fraas, mtaalamu kutoka Stuttgart, akiwa anaugua tumbo la kuhara damu lakini hakukubali kurudi bila kufika kilimani. Alichukua mifupa kidogo, akarudi kwao, na 1908 akampa mnyama jina la Gigantosaurus. Bahati mbaya jina hilo lilikuwa limeshatumika Uingereza tangu 1869, na katika fani hii aliyetangulia kutaja ndiye mwenye jina. Ilibidi wenzake walibadilishe baadaye.

Habari zilimfikia Wilhelm von Branca, mkuu wa taasisi ya jiolojia na visukuku katika makumbusho ya Berlin. Branca alikuwa na hamu, hakuwa na fungu. Hapo ndipo inapoingia Jumuiya ya Marafiki Watafiti wa Maumbile, chama cha wasomi kilichoanzishwa Berlin mwaka 1773, kongwe kuliko dola yenyewe ya Ujerumani. Daktari wa patholojia David von Hansemann akawa mstari wa mbele kukusanya fedha. Kamati ikaundwa. Mtawala mmoja, Johann Albrecht wa Mecklenburg, akakubali kuwa mlezi. Wenye viwanda na watu wenye nafasi wakaombwa watoe.

Nani Tanzania hii asiyeijua kamati hiyo? Mwenyekiti, mweka hazina, mgeni rasmi, kadi za michango zikipita mkono kwa mkono, na yule tajiri anayengojewa aahidi. Nilipoisoma habari ile mara ya kwanza niliona kabisa kikao cha harusi kwenye baa fulani Jumapili jioni, isipokuwa hawa walikuwa na masharubu na walikuwa wanamchangia mjusi.

Basi nilitaka kuona huo ukumbi ambako fedha zilitumika.

Jioni ya kuamkia safari nilitembea ufukweni Lindi, nikapita magofu ya boma la Wajerumani, nikaketi kuangalia watu wakivuka kwenda Kitunda. Aprili 1909 Werner Janensch na Edwin Hennig walishuka hapa. Wote wawili walikuwa vijana wa makumbusho. Hakuna aliyekuwa mzoefu wa pori. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa miaka miwili tu kabla, na njaa iliyofuata ilikuwa imefagia vijiji vingi vya kusini. Mtu akisoma kwamba mamia ya watu walijitokeza kuomba kazi ya kuchimba mifupa, alikumbuke na hilo.

Barabara sina la kuisifia. Lami tuliiacha mbele ya Mchinga, tukaingia vumbi, mikorosho pande zote, halafu mikorosho ikapungua, miombo ikaanza. Pancha moja, chini ya mbuyu. Kijana alitoa kila kitu mfukoni kama mganga, akaziba, tukaendelea. Kijijini nilipita kwanza ofisi ya mtendaji, kama ilivyo ada, nikaandika jina kwenye daftari la wageni, nikapewa mzee wa kunipeleka. Nikamwamkia, akaniitikia, akanitazama begi kama yule kijana wa boda. "Maji umechukua?" Lita sita, nikamwambia. "Ongeza dumu," akasema. "Kilimani hakuna maji."

Dumu la lita ishirini. Nikasema nitabeba mwenyewe, maana nilikuwa na sababu yangu.

Mizigo ya mifupa iliondoka Tendaguru juu ya vichwa na mabega ya watu. Mnyama wa kubeba hakufaa, mbung'o wangemmaliza, na gari halikuwa na njia. Hivyo kila mfupa ulivunjwa au kukatwa kufuata nyufa zake, ukapewa namba kipande kwa kipande, ukafungwa, ukawekwa katika mizigo ambayo mpagazi mmoja anaweza, ya kilo thelathini hivi. Vipande visivyogawanyika walibeba wawili au wanne kwa miti. Mbao za masanduku zilikuwa shida, kwa hiyo walitumia mianzi ya huko huko: waliipasua, wakaizungushia mfupa kama tenga, wakakaza. Baadhi ya hayo matenga yamekaa Berlin miaka mia moja bila kufunguliwa. Kutoka kilimani hadi Lindi ni kama kilomita sitini, mwendo wa siku nne hivi kwa mwenye mzigo. Jumla ya vitu vyote vilivyoshushwa pwani ilizidi tani mia mbili.

Mimi na dumu langu tulikwenda nusu saa. Bega la kulia, bega la kushoto, kichwani nikashindwa kabisa kulituliza. Mzee alikuwa akitembea mbele, anakata majani kwa panga, hageuki, lakini nilijua ananisikia ninavyohema. Mwishowe alisimama, akalichukua dumu bila neno, akaliweka kichwani, na panga akaendelea kulitumia kwa mkono mmoja. Ana miaka sitini na ushee. Niliona haya kiasi, halafu nikaona ahueni, na ahueni ikashinda.

Tendaguru si kilima cha kutisha. Mgeni anaweza kukipita akidhani ni mwinuko wa kawaida wenye miti na majani marefu. Mzee ndiye aliyenionyesha mabonde madogo ambayo si mabonde. "Hapa walichimba. Na hapa. Na pale mpaka kule." Kingo zimelainika, ndani kumeota vichaka. Siku za kazi kila shimo lilikuwa na alama ya herufi badala ya jina: S, St, Ig, na kadhalika. Kutoka shimo la S ndiko alikotoka yule mrefu anayesimama Berlin leo. Shimo la St lilijaa mifupa ya Kentrosaurus, mjusi mwenye miiba mgongoni asiyezidi ng'ombe sana kwa kimo. Wachimbaji walianza mia na ushee, na kufikia 1911 walikaribia mia tano. Ukihesabu wake na watoto, kilima hiki chenye kimya kilikuwa mji.

Nikauliza kama ukoo wake una habari za wakati ule. "Babu alikuwa akisema kazi ya mifupa," mzee akajibu. "Walilipwa rupia. Kazi ya mifupa, basi. Hakusema mjusi."

Kilichonifurahisha kuliko mashimo kilikuwa chini ya mguu wangu, kwenye korongo lililokatwa na mvua: makombe. Makombe ya baharini, yamegeuka jiwe, ndani ya mchanga mgumu wa rangi ya kahawia. Ukisoma ardhi ya Tendaguru kutoka chini kwenda juu unakuta udongo wenye mifupa, halafu mchanga wenye makombe, udongo tena, mchanga tena: matabaka matatu ya mijusi, yamepandana zamu kwa zamu na bahari. Ilikuwa pwani. Maji yaliingia, yakatoka, yakaingia. Mijusi ilikufa karibu na wangwa kama wangwa wa Lindi, ila miaka milioni mia na hamsini iliyopita.

Na makombe haya, hasa ya jamii ya Trigonia, ndiyo yaliyomaliza ubishi wa umri. Fraas alikuwa ameyaweka matabaka haya katika zama za Kretasia, karibu na mwisho wa mijusi. Mjusi mpya hakusaidii kitu hapo, kwa sababu hana mwenzake wa kumlinganisha. Kombe lina ndugu waliokwisha kujulikana India na Ulaya, katika matabaka yenye umri unaoeleweka. Walipolinganisha, sehemu kubwa ya Tendaguru ikarudishwa nyuma hadi mwisho wa Jurasi, zama zilizotangulia Kretasia. Wanafunzi wangu hawataki kusikia habari za kombe. Wanataka meno.

Tulikula ming'oko kivulini, na hapo nikamsomea mzee orodha niliyoinakili. Nilimweleza kwamba mnyama akigunduliwa hupewa jina lenye sehemu mbili, na ile ya pili mara nyingi huwa ya kumshukuru mtu. Yule mkubwa, aliyetangazwa 1914, ni brancai, kwa ajili ya Branca, ambaye alibaki Berlin. Dicraeosaurus wawili wa mwaka huo huo: mmoja hansemanni, wa yule daktari wa michango, mwingine sattleri, wa mhandisi. Elaphrosaurus wa 1920 ni bambergi, wa Paul Bamberg, mwenye kiwanda aliyetoa fedha. Mwingine akapewa Lettow-Vorbeck, jenerali wa vita ya kwanza, ambaye hakuwa na habari na mifupa.

Mzee akatafuna. "Wanawatangaza waliochanga," akasema.

Ndivyo hasa. Kwenye kipaza sauti, bwana fulani laki mbili, makofi. Na mpishi je? Mpishi wa Tendaguru alikuwa Boheti bin Amrani, nyapara mkuu. Huyu ndiye aliyejua kuliko wote jinsi ya kufukua mfupa uliooza bila kuumwaga, ndiye aliyesimamia mashimo, na Waingereza walipokuja kuchimba tena kuanzia 1924 walimtafuta yeye. Picha zake zipo, na Wajerumani wenyewe walimsifu katika maandishi yao. Lakini jina lake lilisomwa kwenye kipaza sauti mwaka 2007, mtafiti mmoja alipotangaza Australodocus bohetii. Mnyama mzima hayupo. Zipo pingili mbili za shingo.

"Mbili?" mzee akauliza.

Mbili.

Akacheka hadi akakohoa, na mimi nikacheka, ingawa njia nzima ya kurudi nilikuwa najiuliza kama kicheko kilikuwa mahali pake. Bungeni swali la kumrudisha mjusi limeulizwa zaidi ya mara moja, na ninaelewa pande zote: gharama, jengo, wataalamu, na mifupa ambayo haipendi unyevu. Mimi ningeanza na kitu cha bei nafuu. Kibao cha bati pale njia panda, kimeandikwa jina la Boheti kwa rangi isiyofifia.

Kombe moja nilikuwa nimelishika muda wote huo bila kujua. Sheria hairuhusu kuondoka nalo, nikalirudisha korongoni, kwenye alama lililoacha mchangani.

Kijijini mtendaji alinirudishia daftari ili niandike saa ya kurejea. Safu zilikuwa: jina, mahali utokako, madhumuni, saa, sahihi. Nikaandika. Halafu pembeni, nje ya mstari, nikaongeza jina la mzee na neno "mwongozaji". Mtendaji akalisoma, akatazama kama kuna nafasi, akalipiga muhuri hivyo hivyo.

Kijana wa boda alikuwa amelala juu ya pikipiki. Tulibishana nauli hadi Mchinga. Anadai pancha ilikuwa kwa sababu ya uzito wa begi langu.